Mieleka ya vyuo Marekani: Nani hasa anamaliza fedha za idara ya michezo?

Na Mwandishi Wetu

KILA unapowadia wakati wa kubana matumizi katika idara ya michezo ya chuo kikuu nchini Marekani, timu ya mieleka huwa miongoni mwa majina ya kwanza kutajwa. Januari 2025 zamu ilikiangukia Chuo Kikuu cha Cleveland State, jimboni Ohio. Chuo hicho kilitangaza kwamba timu yake ya mieleka ya wanaume, pamoja na timu za wanawake za softiboli na gofu, zingefutwa mwishoni mwa mwaka ule wa masomo.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ile iliyozoeleka, yaani hali ngumu ya fedha. Ni sababu inayokubalika haraka, kwani hakuna mtu asiyejua maana ya mfuko mtupu. Hata hivyo, mtu akizifuatilia hesabu za timu hizi mstari kwa mstari anakuta kwamba ukata hauelezi mambo yote, na mara nyingine hauelezi jambo lolote.

Kabla ya kwenda mbali, ni vizuri msomaji akaondoa akilini ile mieleka ya kwenye televisheni, ya mikanda ya dhahabu na matokeo yaliyopangwa. Mieleka ya vyuo ni ushindani halisi. Vijana hupangwa katika makundi 10 ya uzito, hushikana juu ya mkeka kwa dakika saba, na mwamuzi huhesabu pointi. Huko ndiko walikopitia karibu wanaume wote wa Marekani waliotwaa medali za mieleka katika Olimpiki, kuanzia Dan Gable aliyepata dhahabu mjini Munich mwaka 1972.

Swali linalojitokeza ni kama timu ya namna hiyo inagharimu fedha nyingi kiasi cha kukitikisa chuo kikuu.

Ukiilinganisha na michezo mingine, jibu ni hapana. Inahitaji makocha watatu au wanne, ukumbi wa mazoezi, mikeka ambayo ikitunzwa hudumu miaka mingi, matibabu, na nauli za kwenda kushindana katika majimbo mengine wakati wa majira ya baridi. Haihitaji uwanja wa nyasi wala ndege ya kukodi. Kwa vyuo vya kiwango cha kati bajeti yake ya mwaka huhesabiwa kwa malaki ya dola, na ikizidi sana ni milioni moja na kitu. Fungu kubwa ndani ya bajeti hiyo ni ufadhili wa masomo, na hapo ndipo hesabu zinapoanza kuleta utata.

Kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2024/25, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, ziliiruhusu timu ya mieleka ya daraja la kwanza kutoa ufadhili kamili 9.9 na si zaidi. Kocha mwenye vijana 30 au 35 alilazimika kuugawa ufadhili huo vipande vipande. Mmoja alipata nusu, mwingine robo, na wengi hawakupata chochote, hivyo wazazi wao walilipa ada kama wazazi wa mwanafunzi mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili lieleweke. Chuo kinatoza ada ya dola 20,000 kwa mwaka na kina wanamieleka 33. Ufadhili wa 9.9 unakuwa na thamani ya dola 198,000. Ada za nafasi 23.1 zilizobaki ni dola 462,000. Katika vitabu vya idara ya michezo, zile dola 198,000 zinaandikwa kuwa ni matumizi, ingawa hakuna fedha iliyotoka nje ya lango la chuo. Ni chuo kujidai chenyewe na kujilipa chenyewe. Zile 462,000 zilizolipwa na wazazi huingia katika hazina kuu ya chuo, na idara ya michezo haizioni kabisa.

Kwa maneno mengine, timu ile ile inaonekana kula hasara katika daftari moja na kuleta faida katika daftari jingine. Mkurugenzi wa michezo, ambaye hupimwa kwa daftari la kwanza, ana kila sababu ya kuifuta. Mhasibu mkuu wa chuo, anayeangalia la pili, angepaswa kumzuia, lakini mara nyingi haulizwi.

Ni kweli kwamba hoja hii ina mipaka. Chuo chenye waombaji wengi kuliko nafasi kitamjaza mwanafunzi mwingine mahali pa mwanamieleka na hakitapoteza ada. Hoja ina nguvu pale penye madarasa na mabweni yasiyojaa, na vyuo vidogo vya binafsi nchini Marekani vimeng'amua jambo hilo zamani. Katika miaka ya 2000 na 2010, wakati vyuo vikubwa vilipokuwa vikifuta mieleka, vyuo vidogo vingi vya daraja la pili, la tatu na vya chama kingine kiitwacho NAIA vilikuwa vikianzisha timu hizo. Daraja la tatu haliruhusiwi kabisa kutoa ufadhili wa michezo. Kwao, kumwajiri kocha mmoja anayejua kuzunguka katika shule za sekondari ni njia ya kupata wanafunzi 30 ambao vinginevyo wasingefika. Kocha wa mieleka hapo ni ofisa wa udahili aliyevaa raba.

Kama ukata ndio ungekuwa kiini cha tatizo, basi tungetarajia kuwakuta wanamieleka kwenye vyuo tajiri. Sivyo ilivyo. Ligi ya Kusini-Mashariki, maarufu kwa jina la SEC, ni moja ya ligi mbili za vyuo zenye fedha nyingi kuliko zote. Ina wanachama 16, na ni wawili tu, Missouri na Oklahoma, wenye timu ya mieleka inayoshiriki mashindano ya NCAA. Alabama, ambayo mwaka 2023 ilimlipa kocha wake wa mpira wa Kimarekani, Nick Saban, zaidi ya dola milioni 11, haina timu hiyo. Wala Texas A&M haina. Novemba mwaka huo huo chuo hicho kilimfukuza kocha wake, Jimbo Fisher, kikijua kwamba mkataba ulikitaka kimlipe zaidi ya dola milioni 75 kwa kutofanya kazi. Fedha hizo zingeendesha timu ya mieleka ya kiwango cha kati kwa miongo kadhaa.

Mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ndio unaoleta mapato makubwa ya televisheni na viingilio, na mpira wa kikapu wa wanaume unafuata. Lakini ndiyo michezo inayotumia zaidi pia, na idara za michezo zinazomaliza mwaka zikiwa na ziada bila msaada ni chache sana. Nyingine huzibwa pengo na hazina ya chuo au na ada maalumu inayokatwa kwa kila mwanafunzi, awe anaupenda mchezo au la. Kwa hiyo si sahihi kusema mieleka inalishwa na mpira. Katika vyuo vingi, yote miwili inalishwa na mzazi, ila mmoja unakula sahani kubwa zaidi.

Ipo sababu nyingine, nayo imezua ugomvi mkubwa kuliko zote. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali kuu. Mojawapo ya njia tatu za chuo kuthibitisha kwamba kinaitii sheria hiyo katika michezo ni kuonyesha kuwa uwiano wa wanamichezo wa kiume na wa kike unakaribiana na uwiano wa wanafunzi wote. Timu moja ya mpira wa Kimarekani hubeba wanaume zaidi ya 100, na wanawake hawana mchezo unaofanana na huo. Mkurugenzi anayetaka kusawazisha mizani bila kutumia senti hutafuta timu ya wanaume yenye watu wengi na mapato kidogo. Mieleka ndiyo hiyo.

Ripoti ya mwaka 2001 ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilionyesha kuwa mieleka ndiyo iliyopoteza timu nyingi kuliko mchezo mwingine wowote wa wanaume kati ya msimu wa 1981/82 na ule wa 1998/99. Pengo lilikuwa timu 171. Mwaka 2002 chama cha makocha wa mieleka kiliishitaki wizara ya elimu ya nchi hiyo kikidai kwamba utekelezaji wa Title IX unawaumiza vijana wake. Kesi ilitupwa mwaka 2003, mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2004, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa kuisikiliza mwaka 2005.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, makocha wale walimkamata mtu asiye mwizi. Sheria ilivitaka vyuo viwatendee haki wanawake; haikuviagiza viwafute wanamieleka, na wala haikuvikataza kupunguza vijana 15 kutoka katika kikosi cha mpira chenye watu 115. Waliochagua mahali pa kukata ni wakurugenzi. Tazama tena Cleveland State, ambako timu mbili kati ya tatu zilizofutwa zilikuwa za wanawake.

Tena, mara kadhaa timu iliondolewa ili kuupisha mchezo mwingine wa wanaume. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Oregon, ambacho kina bahati ya kuwa na mfadhili kama Phil Knight, mwanzilishi wa kampuni ya Nike, kilitangaza kuifuta mieleka na papo hapo kurudisha besiboli. Aprili 2017 Boise State nayo ikafuta mieleka kwa ajili ya besiboli. Besiboli hiyo ilianza kuchezwa mwaka 2020, ikafikisha mechi 14, msimu ukakatishwa na janga la korona, na Julai mwaka huo timu ikafutwa kwa ukosefu wa fedha. Mieleka haikurudishwa. Cleveland State yenyewe iliwahi kujaribu mwaka 2015, ikitaka kuanzisha lakrosi ya wanaume, kabla ya kubatilisha uamuzi wake.

Timu zilizoponea chupuchupu zinafundisha jambo jingine. Mei 2008 Chuo Kikuu cha Arizona State kiliifuta mieleka pamoja na timu za wanaume za kuogelea na tenisi. Haikuchukua hata wiki mbili wafadhili wakajitokeza, na mieleka ikarejeshwa. Miaka mitatu baadaye, Machi 2011, mwanamieleka wa chuo hicho, Anthony Robles, aliyezaliwa na mguu mmoja, alitwaa ubingwa wa taifa katika uzito wa pauni 125 bila kupoteza pambano hata moja msimu mzima. Hakuna mstari katika daftari la idara ya michezo unaoonyesha jambo kama hilo lina thamani gani kwa chuo.

Sakata kubwa kuliko zote lilikuwa la Stanford. Julai 8, 2020, chuo hicho cha California, ambacho wakati huo mfuko wake wa wakfu ulikuwa na zaidi ya dola bilioni 27, kilitangaza kufuta michezo 11, mieleka ikiwamo. Wanamichezo zaidi ya 240 na makocha 22 waliguswa. Uongozi ulieleza kwamba nakisi ya idara ingezidi dola milioni 12 katika mwaka wa fedha wa 2021, kwamba katika miaka mitatu ingekaribia milioni 70, na kwamba ili kuidumisha michezo hiyo yote 11 moja kwa moja zingehitajika zaidi ya dola milioni 200.

Wanamieleka wa zamani wa Stanford hawakukubali. Walichangishana, na ahadi zao kwa ajili ya mieleka peke yake zikavuka dola milioni 12. Kwa miezi mingi uongozi haukuzipokea. Machi 2021 kijana wao, Shane Griffith, alipanda mkekani katika fainali za taifa akiwa amevaa vazi jeusi lisilo na nembo ya chuo, akashinda ubingwa wa uzito wa pauni 165. Mei 18, 2021, baada ya shinikizo la wahitimu na kesi mahakamani, Stanford ilirudisha michezo yote 11.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Kama tatizo lingekuwa fedha tu, basi fedha zilipopatikana lingekwisha siku hiyo hiyo. Chuo kilikuwa kinaamua pia kuhusu nafasi za udahili, uwiano wa jinsia, vyumba vya mazoezi na muda wa watendaji wake, na mambo hayo yote yalifunikwa na neno moja, nakisi. Wafadhili walijibu swali waliloulizwa, kumbe silo lililokuwa likijadiliwa ndani.

Upande wa pili wa sarafu ni vyuo ambavyo mieleka imekuwa kama dini. Iowa, chini ya Gable kama kocha kati ya mwaka 1976 na 1997, ilitwaa mataji 15 ya taifa. Novemba 2015 ilipoikaribisha Oklahoma State katika uwanja wake wa mpira, watazamaji 42,287 waliingia kutazama mieleka. Penn State ilimwajiri Cael Sanderson mwaka 2009, na kati ya mwaka 2011 na 2025 imetwaa mataji 12. Huko tiketi huuzwa na kwisha.

Lakini hata huko, sehemu kubwa ya nguvu inatoka nje ya bajeti rasmi. Pembeni ya chuo huwa na klabu ya mazoezi inayojitegemea, inayofadhiliwa na wahitimu na wafanyabiashara, ambayo huwalipa mabingwa wa dunia na wa Olimpiki wakae hapo. Mabingwa hao hufanya mazoezi chumba kimoja na vijana wa chuo. Mfadhili hupata fahari, kijana hupata mwalimu wa bure, na chuo hupata mataji bila gharama hiyo kuonekana katika vitabu vyake. Anayelinganisha bajeti za mieleka za vyuo viwili bila kuzihesabu klabu hizi hajalinganisha kitu.

Julai 2021 NCAA iliwaruhusu wanamichezo kujipatia fedha kutokana na majina yao, na Septemba mwaka huo Gable Steveson wa Minnesota, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo, akasaini mkataba na kampuni ya mieleka ya burudani ya WWE huku akiendelea kukichezea chuo chake. Lakini Steveson ni mmoja. Badiliko lililowagusa wote lilikuja Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken alipoidhinisha mapatano katika kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA. Kwa mapatano hayo, karibu dola bilioni 2.8 zinatakiwa kulipwa kwa wanamichezo waliopita katika kipindi cha miaka 10, na kuanzia Julai 1, 2025, kila chuo kinachojiunga na utaratibu huo kimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi kiasi cha takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025/26.

Fedha hizo zinatoka katika mfuko ule ule. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu, ambao ndio walioleta mapato, wanastahili malipo yao, na ni vigumu kulipinga hilo kwa dhamiri safi. Ila mkurugenzi aliyeongezewa mzigo wa mamilioni katika bajeti yake ataangalia tena ile orodha yake, na mieleka bado iko juu.

Mapatano hayo pia yalifuta kikomo cha ufadhili wa 9.9 na kuweka badala yake kikomo cha idadi ya wachezaji, ambacho kwa mieleka ni 30. Chuo tajiri sasa kinaweza kuwafadhili wote 30. Kile cha kati hakilazimiki kuongeza hata senti, hivyo pengo kati yao linapanuka. Zaidi ya hapo, wale vijana wa ziada waliokuwa wakilipa ada, ambao ndio walioifanya timu iwe na faida katika daftari la pili, ndio wa kwanza kukosa nafasi, ingawa mahakama iliweka nafuu kwa waliokuwa wameshapoteza nafasi zao wakati mapatano yakiandaliwa.

Mambo haya si ya Wamarekani peke yao. Vijana wa Afrika Mashariki hawaendi huko kupigana mieleka, lakini riadha iko katika kapu moja na mieleka: mchezo wa Olimpiki, usio na mapato, unaotegemea huruma ya idara. Mkenya Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, na Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alisoma Texas El Paso. Njia hiyo imetumiwa na wengi baada yao.

Kwa vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya, kikomo ni wachezaji 45 kwa timu ya riadha na 17 kwa mbio za nyika. Na mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo hubanwa na sheria za ajira, hivyo hawezi kuzichangamkia fedha za matangazo kama mwenzake raia.

Juni 2025 Washington State ilitangaza kwamba inaachana na michezo ya kuruka na kurusha, inapunguza mbio fupi, na inaelekeza nguvu katika mbio ndefu. Mkimbiaji wa Eldoret au Arusha anaweza kuliona hilo kuwa neema, na huenda kwa sasa ni hivyo. Kwa mrusha mkuki wa chuo hicho, maelezo yalikuwa yale yale waliyopewa wanamieleka wa Cleveland miezi mitano kabla yake.